Santuri ya Bibi Ilikuwa Ikiruka

Juzi, nikiwa katika duka moja la mtaa wa Hamriya, huku ughaibuni, wanakohamishia santuri kwenye kanda, mwenye duka alimpigia bibi mmoja wimbo aupendao wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, uliotolewa na kampuni ndogo ya santuri isiyojulikana. Santuri ya bibi ilikuwa na mkwaruzo, kwa hivyo alikuwa amemtafutia nyingine nzima ya wimbo huohuo. Bibi akaufuata wimbo kwa kugonga meza kwa kidole. Mara kidole kikaruka mbele, wimbo ukabaki nyuma.

“Sio huu,” akasema.

“Ndio wenyewe, bibi. Yako ilikuwa ikiruka ubeti.”

“Tangu Unguja nnaucheza, leo unanambia nnaujua nusu? Nitilie wangu kwenye kanda, na kuruka kwake.”

Akatiliwa, akaondoka ameridhika. Ile santuri nzima nikaichukua mimi. Nzuri sana, ila kila ikifika pale, nami nangoja iruke.