Nilisave matangazo 46 ya mpinzani wa bi mkubwa, kwa simu ya bi mkubwa mwenyewe

Wakuu, shikamooni wote, pamoja na wale mnaojifanya vijana humu jukwaani.

Hii si chai, ni kweli tupu. Ingekuwa chai ningejiweka mimi kuwa shujaa, lakini mtaona wenyewe mwishoni nimekaa wapi.

Mimi ni binti wa miaka 17, nipo Hyattsville, Maryland, nasoma high school. Tulitoka Singida nikiwa na miaka tisa. Nyumbani kwetu Kiswahili ni lazima. Ukimjibu bi mkubwa, yaani mama, kwa Kiingereza anaangaza macho sebule nzima, halafu anakuuliza, "Mgeni yuko wapi?"

Bi mkubwa anahudumia wazee kwenye nursing home. Wiki nzima yuko zamu ya usiku, na Jumamosi anaongeza ya mchana. Pembeni anapika sambusa, maandazi na vitumbua kwa oda za watu wa kanisani. Anapika hatari. Sisemi hivyo kwa sababu ni mama yangu, maana kwa mambo mengine huwa namsema vizuri tu.

Mwezi wa tano kanisani kulikuwa na graduation party ya pamoja, familia tisa, ukumbi mmoja. Kamati ilikuwa inatafuta mpishi. Ukipika pale, kanisa zima limeonja mkono wako, na summer yote watu wanakutafuta wewe.

Bi mkubwa aliomba kazi hiyo, akaniambia sentensi moja tu: "Nikiipata hii, Jumamosi nalala."

Naomba muishike hiyo Jumamosi.

Mpinzani alikuwa mmoja. Tumwite Mama Shalom, Mkenya wa Beltsville, anasali kanisa jingine, hatujawahi kukutana naye. Yeye alikuwa anatangaza mtandaoni, matangazo ya video ya kulipia kabisa. Pilau inafukuta, chapati inageuzwa, muziki chini.

Bi mkubwa alikuwa na picha moja. Sambusa sita zimepigwa flash usoni, zinaonekana kama zimekamatwa na polisi.

Picha linaanza.

Shuleni nachukua somo la Marketing. Mwalimu akatupa project: chagua biashara, kusanya matangazo ya video ya washindani wake, yahifadhi, yachambue. Sekunde tatu za kwanza zinaonyesha nini? Sauti gani? Mwishoni mtu anaambiwa afanye nini? Alisisitiza kwamba hatuibi, tunaangalia wenzetu wameshafanya nini ili sisi tutafute la kwetu.

Nikachagua biashara ya bi mkubwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa kiti cha mbele kwa hiari.

Tatizo simu yangu ilikuwa imefungwa. Simaanishi password. Ilikuwa imefungwa kabatini kwa kufuli, kwa kesi ya Chemistry, na ilikuwa na wiki mbili za kutumikia.

Nikamuomba ya kwake. Mimi natoka shule saa tisa, yeye anakuwa amelala mpaka jioni akisubiri zamu. Akanipa, akasema, "Ya shule tu. Nikikuta umefungua upuuzi wako nakurudisha Singida kwa basi."

Wakuu, kwa basi. Kutoka Maryland.

Basi nikaanza kazi. Kwa wasiojua, tangazo la mtandaoni ukilipita mara nyingi halirudi. Ukiliona, unasave hapo hapo. Lisilokubali kusave unarekodi screen. Nikafungua folder, nikaliita ADUI. Nikaingia mpaka kwenye page yake, nikashuka chini mpaka video za miaka miwili nyuma. Kila moja naangalia mwanzo mpaka mwisho, narudisha, nahesabu sekunde, naandika kwenye spreadsheet.

Mimi kukaa kimya siwezi. Mguu unacheza chini ya meza, kidole kinagonga gonga kioo cha simu. Nagonga nikifikiri, nagonga nikihesabu. Sikuwaza kwamba kwenye ile app ukigonga video mara mbili umempa mtu heart, yaani umeipenda.

Nilifikisha matangazo 46. Najiona meneja.

Wiki ya pili bi mkubwa akatoka kazini ana sura ya ajabu.

"Neema, huyu Mama Shalom ameninunulia mimi hii simu?"

"Kwa nini mama?"

"Nikifungua, yeye. Niko mapumziko kazini, yeye. Jana nimeweka mahubiri, mchungaji hajasema hata Bwana asifiwe, pilau ya Mama Shalom hiyo hapo!"

Nilikimbilia bafuni kucheka. Nilielewa palepale. App inakuletea kile unachokitazama sana, na kwa wiki nzima simu yake ilikuwa haitazami kitu kingine zaidi ya yule mama. Kumuelezea ilikuwa kazi ya dakika moja.

Lakini ningemuelezea, ningeeleza pia kwa nini nilikaa na simu yake masaa matatu kila siku, na folder la ADUI. Na simu yangu ilikuwa inatoka kifungoni Ijumaa. Nikauchuna.

Tena nikaongeza na pilipili. Nikamwambia, "Labda Maryland yote wanaona hivyo hivyo, mama." Kwa utani tu. Mimi nikiona mlango wa utani siwezi kuupita.

Yeye hakucheka.

Alhamisi anakunja sambusa, ananiambia bila kuinua macho, "Jumapili namwambia mwenyekiti wa kamati najitoa. Mtu anaonekana na Maryland yote, mimi nitashindana naye na nini? Nimeshamwambia supervisor, Jumamosi naendelea."

Alisema kama mtu anayesema kesho kuna mvua. Afadhali angefoka.

Wakuu, siku mbili zile sikukaa. Kwenye basi la shule nasimama viti vikiwa vitupu. Nafungua friji, nafunga. Ijumaa nikarudishiwa simu yangu, nikaiweka mezani, sikuiwasha. Anayenijua anajua hapo hali ilikuwa mbaya. Kila nikifungua mdomo niseme, upuuzi unatoka. Nikamuuliza kama anataka nimletee maji ya kunywa. Mama yangu yuko jikoni, bomba liko mbele yake.

Jumamosi jioni karudi kutoka zamu, hajavua hata viatu, simu ikalia ujumbe wa sauti. Akaufungulia kwa sauti kubwa kama kawaida yao wazazi. Mimi niko kwenye sinki.

"Mama Neema, praise God! Ni Mama Shalom wa Beltsville, nimepata number yako kwa grupu ya akina mama. Aki nimekuwa nataka tu kukushukuru. Kila video nikiangalia nakuta heart yako. Hata zile za kitambo za chapo, umepitia zote! Dada zangu wenyewe hawanisupport hivyo. Uko na roho safi sana. God bless you, sawa?"

Bomba linatiririka.

"Heart gani?" akauliza bi mkubwa. Halafu akageuka polepole.

Nilimwaga yote. Project, folder, kidole, app, na ile ya Maryland yote.

"Ulisema Maryland yote."

"Nilikuwa natania, mama."

"Na mimi kesho nilikuwa naenda kujitoa. Kwa utani wako."

Nikafunga bomba.

Nilitegemea kofi, au basi la Singida. Akavuta kiti. "Lete hizo video."

Nikafungua laptop na spreadsheet yangu, nikaanza kujieleza kama naomba kazi. Hii sekunde kumi na tano, hii inaanza na mvuke, hii muziki umeingia mapema. Tulipofika ya kumi na moja akanishika mkono.

"Simamisha. Rudisha. Angalia mfuniko."

Ni mfuniko wa sufuria ya stainless, unang'aa. Ndani yake anaonekana mpishi mwenyewe: simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, kavaa scrubs, zile sare za wahudumu wa wagonjwa, beji ya kazini inaning'inia kifuani.

"Huyu ametoka zamu," akasema bi mkubwa. "Hajabadilisha hata nguo."

Ya kumi na tisa, scrubs zile zile. Ya thelathini, viatu vyeupe kama vile bi mkubwa alivyokuwa bado navyo miguuni. Hakuna sauti ya mtu mwingine popote.

Nikaangalia nilichoandika kwenye spreadsheet: "Camera inatikisika. Labda ni style." Na kwingine: "Hajibu comments. Udhaifu mkubwa, tuutumie."

Nimeziangalia zile video mara ngapi, wakuu? Nilihesabu kila sekunde. Yule mama sikumuona.

Bi mkubwa akampigia palepale, akaweka speaker, akanisogezea simu. "Eleza."

Nikaeleza. Upande wa pili kikaja kicheko kirefu mpaka akakohoa.

"Kumbe ni wewe fan wangu wa Hyattsville! Na vile nimeringia watu ati Hyattsville nimefika!"

"Samahani, mama."

"Wacha nicheke kwanza. Sasa niambie, umejifunza nini kwa hizo video zangu?"

"Hujibu comments. Kuna mtu wa Oxon Hill amekuuliza mara tatu kama unafika huko."

"Nijibu saa ngapi, mtoto wangu? Niko job, ama niko jikoni, ama nimelala."

Bi mkubwa akanyakua simu, akaingia nayo chumbani. Waliongea saa nzima. Nilisikia Mama Shalom akisema hata yeye graduation ile ilikuwa inamtia hofu, pilau angeweza, lakini vitafunwa vya familia tisa angefia humo.

Jumapili baada ya ibada walikwenda kwa mwenyekiti pamoja. Mzee wa watu akauliza, "Sasa mpishi ni nani kati yenu?" Wakajibu kwa pamoja, "Sisi."

Wakapika. Watu wakala, wakabeba na vya nyumbani kwenye foil. Oda za summer wanagawana, na kwenye simu zao sasa kila mmoja anamlike mwenzake kwa akili timamu.

Mimi nilihukumiwa kifungo cha nje. Nawashikia camera wote wawili na najibu comments zote, bila mzaha hata mmoja. Yule mtu wa Oxon Hill nilimjibu. Simu yangu ilirudi kabatini siku ile ile, huu uzi nauandika kwa laptop ya shule. Project nilipata A. Chemistry msiulize.

Nilichojifunza: mkichunguza washindani, fungueni account ya pembeni na vidole vyenu vikae mbali na kioo. Na ukisave tangazo la mtu, angalia pia nani ameshika simu anapolirekodi. Hilo halimo kwenye spreadsheet ya mwalimu.

Lingine nilijifunza Jumamosi iliyopita. Saa nne asubuhi nyumba ilikuwa kimya kabisa, sijazoea. Nikapita mlangoni kwake mara nne kuhakikisha anapumua.

Ya nne akasema, "Neema, ukipita tena, basi la Singida."

Nikakaa sakafuni hapo nje ya mlango wake, nimetulia. Ndiyo, mimi.

Haya, wadau, uwanja ni wenu. Mnaofanya biashara mtandaoni, mnawachunguzaje wenzenu? Na mnaosema hii ni chai, njooni mniambie sehemu ipi, niwaonyeshe mfuniko.