Risasi Iliyokataa

Juzi nilikuwa Luzira, nimepata kibarua cha kupaka rangi ukuta wa klabu ya kulenga shabaha. Mwanachama mmoja alimaliza kufyatua bunduki yake ndogo, akaondoa risasi zilizobaki, akaelekeza mtutu kwenye tuta la udongo na kuvuta kifyatulio. Tak. Brashi ikanisimama mkononi. Wewe unanijua, rafiki yangu, sikai mahali pamoja. Lakini sauti ile ilinishika, ikanirudisha Naguru, kambi ya polisi alikonilea bibi, ambaye kambi nzima ilimwita Jajja.

Tuliishi kwa laini, nyumba za bati zilizogandana hivi kwamba ukikaanga vitunguu, jirani ndiye anayepiga chafya. Kila sikukuu ya mwisho wa mwaka laini yetu ilishindana na laini ya chini kulenga makopo ya maziwa. Askari walikatazwa kushindana; waliofyatua ni wake zao, mama zao, na wajane kama bibi. Laini iliyoshindwa iliwapakulia washindi nyama ya mbuzi, kisha ikaosha sufuria zote. Tangu nipate akili, sufuria zilikuwa zetu. Bibi alizisugua kwa majivu hadi vidole vikapasuka, na mwaka ule akaapa: “Safari hii mimi nakaa kwa kiti.”

Bunduki ilikuwa moja, ya bei ndogo, kitako cha plastiki kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mtutu wake ulikuwa mnyoofu, ila kila mwaka risasi zilizidi kukataa kulia. “Mali rahisi,” watu walisema. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia kila kitu, nikaona kwamba risasi yake haina kitufe katikati kama ya bunduki kubwa. Pini, ile ncha ya chuma inayolipua risasi, huigonga ukingoni. Mwalimu wa shabaha, afande mrefu kutoka kaskazini, aliitunza kama zile kubwa alizozizoea: kila aliyemaliza alivuta kifyatulio bunduki ikiwa tupu, kuthibitisha. “Bila tak,” alisema, “hakuna mutu anatoka hapa.”

Siku ya shindano mwaka ule tulifika mwisho tukiwa sare. Limebaki kopo moja na risasi moja, ya bibi. Akikosa, sare huwapa ushindi laini ya chini, washindi wa mwaka uliopita. Alilala juu ya gunia, akafumba jicho, akavuta.

Tak.

Laini ya chini ikalipuka kwa kicheko. “Jajja, sufuria inakuita!” jirani mmoja alipaza sauti, akipiga mwiko kwenye kifuniko. “Majivu nimekuwekea!”

Bibi hakuinua kichwa. Mtutu aliuacha palepale ukitazama makopo, akangoja, kama tulivyofundishwa, isije ikalipuka kwa kuchelewa. Kisha akauliza, “Afande, sheria inasema nini kwa risasi iliyokataa?”

“Ni yako, mama. Imehesabiwa, hakuna ingine.”

“Ni yangu?”

“Yako kabisa.”

“Basi nitaigeuza.”

Akaitoa, akaizungusha kwa vidole vile vilivyopasuka, jinsi alivyogeuza hindi juu ya sigiri ya makaa upande mmoja ukishaungua, akairudisha, ukingo mzima ukiikabili pini. Akavuta tena. Pa! Kopo liliruka hadi kwenye kamba ya nguo.

Bibi alikaa kwa kiti. Aliletewa nyama, akala taratibu mno, na jirani wa mwiko akaosha sufuria hadi jua likazama, akiguna. “Suuza na ile ndogo, mwanangu,” bibi alimwambia kwa upole.

Kule Luzira niliomba kuichungulia bunduki ya yule mwanachama. Kwenye ukingo wa tundu la kuwekea risasi palikuwa na kovu dogo, kama chuma kimeng’atwa. Pini isipokuta risasi hugonga chuma chenyewe. Kumbe ile tak tuliyoiamini ndiyo iliyokuwa ikiila bunduki yetu, mwaka baada ya mwaka, na sisi tukilaumu bei.

Laini zile hazipo tena. Nilipita nikakuta mabati ya uzio, na sikuweza hata kukisia kamba ya nguo ilikuwa wapi. Bibi tulimpeleka hospitali ya Mulago, hakurudi.

Nilipoacha shule, bibi akiwa bado hai, mwalimu wa darasa alimwambia kwamba mtoto huyu amekataa. Bibi alijibu, “Hujamgeuza.” Tangu hapo najigeuza mwenyewe: nimeuza chapati, nimechomelea mageti, nimelinda maduka. Rangi ya ukuta imekauka, na miguu imeanza kuniwasha. Kila mji ninaofika nasikiliza kama nitalia pa. Hadi sasa ni tak tu, lakini sijamaliza kuzunguka.