Usukani Niliouhamisha Kulia

Sikiliza, wewe unayedhani huna mikono ya kazi ndogondogo: keti hapa karibu, maana katika kuharibu huwezi kunishinda.

Binti yetu anayefanya kazi ng'ambo alituma sanduku la vipande vya plastiki. Ukiviunganisha unapata gari la kale, la enzi za taa za mafuta na honi ya mpira, lenye urefu wa kiganja. Lilikuwa zawadi ya babu yake, yaani baba mkwe wangu, aliyekuwa akitimiza miaka themanini huko Pap Onditi. Mimi nilitakiwa kuliunganisha tu.

Hilo "tu" ndilo lililonitia joto. Mzee alikuwa fundi wa magari mjini Awasi maisha yake yote. Mimi ni mwalimu wa udereva hapa Kisumu, na tangu nimwoe binti yake ananiita bwana wa mdomo, ati nafundisha watu kuendesha kitu ambacho siwezi kukibadilishia hata plagi. Nilitaka, walau mara moja, aone kazi ya mikono yangu.

Kazi yenyewe si ngumu ukienda polepole. Vipande huja vimeshikamana na fremu. Unakata kimoja, unakilainisha kwa msasa, ndipo unatia gundi, kidogo tu, ya ncha ya kijiti cha meno. Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Magurudumu yalisimama, njiti zake nyembamba kama miiba ya samaki.

Siku ya nne nikagundua kosa la kiwanda: usukani ulikuwa kushoto.

"Umesoma karatasi yao?" mke wangu akauliza.

"Mama, miaka kumi na tano nafundisha watu. Usukani unakaa kulia."

"Hata huko walikoitoa?"

"Watu hukosea."

Nikachukua wembe, nikaung'oa, nikatoboa shimo upande wa kulia, nikaubandika. Nilimhurumia hata yule mtu wa kiwandani.

Jumamosi, kwa wakwe, niliketi wima ukingoni mwa kiti, kama inavyompasa mkwe. Mzee akavaa miwani, akaligeuza gari, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Mwalimu."

"Naam, Baba."

"Usukani iko huku. Na breki?"

Nikainama kutazama. Pedali zote, nilizozibandika mwenyewe siku ya kwanza bila kufikiri, zilikuwa kushoto.

"Huyu dereva wako, miguu amewachia jirani?"

Mke wangu akageukia dirisha, mabega yakimtetemeka. Mimi bwana wa mdomo nikanyoosha mkono nilichukue gari. Mzee akalivuta kwake.

"Ngoja kwanza. Si hii ndiyo gari yenu ya shule? Mwanafunzi ako na usukani, mwalimu ako na breki upande wake!"

Ndivyo yalivyo magari yetu ya kufundishia, kweli. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaliweka juu ya redio yake, mahali ambapo hata picha ya harusi yetu haijawahi kufika.

"Gundi imeshika," akasema. "Hiyo nakupa."

Sifa hiyo niliichukua. Nawe ukipata sanduku lako, kabla hujafungua gundi, pachika vipande vyote vikavu, liinue gari kwenye mwanga, na uhakikishe usukani na pedali viko mbele ya kiti kimoja.