Fundi Husikiliza Kwanza

Fundi wa redio wa Kangundo hafungui kitu kabla hajakiweka sikioni. Hata kompyuta huiinamia hivyo hivyo, akiandika kwa vidole viwili vyenye makovu ya kuchomelea nyaya. Anaunda tovuti ya kupekua masoko manne ya mtandaoni ya vitu vilivyotumika, yote kwa mpigo mmoja. Mteja wake Kavindu aliacha kazi ya kiwanda cha nguo Athi River ili ashone kwake, lakini ovaloki, mashine ya kupindia kingo za nguo, aliyoinunua mtandaoni kwa kuona picha ilifika imekufa. Leo fundi alibonyeza mara moja tu, zikajipanga ovaloki kumi na moja kwenye skrini. Moja ilikuwa ya muuzaji wa Katangi, inang'aa.

“Ndio hii, fundi! Mwambie nakuja.”

“Ngoja kwanza, mama. Picha haina sauti.” Akampigia muuzaji. “Hebu ikanyage kidogo tusikie.” Kisha akampa Kavindu simu. “Mimi niko na masikio ya redio. Hii wewe ndio unajua.”

Mashine ilinguruma sawasawa, bila kukwaruza. Fundi alikuwa amesharudi kwenye kompyuta, akitengeneza kwenye tovuti yake mahali pa muuzaji kuweka mlio wa mashine. Kavindu hakuirudisha simu. Chini ya benchi, mguu wake wa kulia ulikuwa tayari unakanyaga sakafu.