Lidwina Mapunda na Mama Aliyekataa Kula

Katika mtaa wetu wa Matarawe hakuna mwanamke anayejua kununua kama Lidwina Mapunda. Nasema kununua, si kutoa pesa. Watu wa siku hizi hawaoni tofauti. Wanaingia dukani, wanachukua kilichofungwa kwenye nailoni, wanalipa walichoambiwa, wanatoka na pakiti ya unga ambao hawajui mahindi yake yalilowekwa au yalisagwa na vumbi lake.

Lidwina hufika soko kuu asubuhi wauzaji wakiwa bado wanapanga mafungu. Mzunguko wa kwanza hagusi kitu. Anapita tu, uso ameukunja kama mtu aliyekuja kudai chake. Mzunguko wa pili ndipo anapouliza. Maharage huyamwaga kiganjani na kuangalia ngozi, maana yaliyofifia rangi ni ya zamani, yatakula gesi mpaka uchoke. Nyumbani huyaloweka tangu jioni, huyachemsha kidogo, kisha huzima jiko na kuifunga sufuria kwa blanketi kuukuu, na mchana huyakuta yamelainika bila moto. Maharage ya akiba huyachanganya na majivu ili wadudu wasiyaguse. Ndimu huzifukia kwenye ndoo ya mchanga. Hayo yote alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na wake, na Dorine, binti wa Lidwina anayeuza simu mjini, hajui hata moja. Ana kikundi kwenye simu kinachomfundisha kupika tambi.

Saimon, mume wa Lidwina, anafanya kazi Tunduru na huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ilikuwa nyumba ya wanawake wawili, hadi mwaka huu mvua zilipokuwa zinaishia, Ildefonsi, kaka yake Lidwina, alipomleta mama yao kutoka kijijini upande wa Peramiho.

Bibi Mariana alikuwa ameteleza kisimani akaumia nyonga. Daktari alimpima akasema mfupa haujavunjika, mwili hauna ugonjwa, bibi ale vizuri na afanyishwe mazoezi ya kutembea. Aliyasema hayo pembeni, akizungumza na Lidwina na Ildefonsi, kama ilivyo desturi ya sasa ya kuongea juu ya mzee kana kwamba mzee ni mzigo ulioachwa kwenye benchi.

"Hapa kwako kuna soko, kuna hospitali," Ildefonsi alimwambia dada yake. "Mlishe tu. Mwezi ukiisha nitakuja kumchukua."

Mlishe tu. Lidwina alilipokea neno hilo kwa furaha. Ni nani mwingine angeweza kulisha mtu kama yeye?

Siku iliyofuata alisikia redioni mtu mmoja akitoa mafunzo ya kumtunza mgonjwa mzee: awe na vyombo vyake mwenyewe, vioshwe kwa maji ya moto, ale kwa nafasi asisongwe na watu. Lidwina alikwenda sokoni, akabishana nusu asubuhi, akarudi na sahani nyekundu, bakuli lake na kijiko, vyote vya melamini, kwa bei ambayo muuzaji alimwomba asiitangaze. Tangu siku hiyo mama yake alipelekewa chakula chumbani, juu ya stuli iliyofunikwa kitambaa, kabla mtu mwingine yeyote hajanawa mikono.

Kwanza sahani ilirudi na nusu. Lidwina akadhani amezidisha. Akapunguza, na bado ilirudi na nusu. Akabadilisha. Alimpikia kisamvu alichokitwanga mwenyewe kwa kinu, kikaungwa kwa karanga. Alimpikia supu ya kuku wa kienyeji. Alimkorogea uji wa ulezi, akamenya viazi mviringo, akatafuta uyoga kwa mwanamke anayemwamini tangu ujana, kwa sababu uyoga haununuliwi kwa mtu usiyemjua hata ukigawiwa bure.

"Nimeshiba, mwanangu," Bibi Mariana alisema kila mara, akiusukuma ule wekundu mbali naye kwa ncha ya kidole.

"Mama, hujala."

"Nimekula. Ahsante. Umesumbuka."

Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja sasa ilimzunguka karibu mara mbili. Akinyanyuliwa kwenda kuoga, Lidwina aliuhisi mkono wa mama yake ukiwa mwepesi kama mti wa mwiko. Ildefonsi alipopiga simu kuuliza kama mama anakula, Lidwina alijibu kwamba anakula. Ildefonsi akasema vizuri, Jumapili nitakuja kumwona.

Hofu ya Lidwina ilikuwa ya aina mbili, na ya pili aliionea aibu. Ya kwanza ni kwamba mama yake anakufa mbele ya macho yake kwa njaa, ndani ya nyumba iliyojaa chakula. Ya pili ni midomo ya watu. Mtaa mzima unajua jinsi anavyobana. Mama yake akifia pale, amekonda vile, watasema nini? Watasema anayepunguza bei sokoni hupunguza na mwiko nyumbani. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza. Nimesikia kwa masikio yangu, bombani.

Ijumaa alikwenda kwa Zulfa. Zulfa ni Myao wa Tunduru, anauza samaki wakavu na dagaa wa Nyasa, wale wanaoitwa usipa. Yeye na Lidwina wamekuwa wakitukanana juu ya kipimo kwa miaka mingi, kwa mapenzi.

"Karibu mgomvi," Zulfa alisema. "Haya, anza. Kopo langu limebonyea, dagaa wangu mchanga mtupu. Nimekutangulia."

"Nipimie tu."

Zulfa akasimamisha mkono. "Nipimie tu? Abasi! Wewe Abasi, acha nyanya zako uje usikie! Mama Dorine kasema nipimie tu!"

"Labda kaokota pochi," Abasi akajibu kutoka meza ya pili. "Mama Dorine, na mimi nina fungu hapa la bei ya zamani, njoo tuzungumze kabla hujapona."

"Mwache, huyu leo hata kutukana hawezi. Mama Dorine, we! Nitazame. Unalia?"

"Mama yangu amekataa kula."

Zulfa hakucheka tena. Alipima, akarundika mpaka usipa wakamwagika, akaongeza kwa kiganja. "Chukua. Jioni nikifunga meza nitakuja kumwamkia."

Alikuja kweli, jua likiwa bado liko juu ya mibuni ya jirani. Lidwina alikuwa amekwisha kupeleka ugali na likolo la majani ya maboga, mboga ambayo Mngoni mzima hawezi kuikataa, akarudi jikoni kuchemsha chai ya mgeni. Kutoka jikoni alisikia kila neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Zulfa, mtu wa Tunduru. Nauza samaki."

"Myao?"

"Myao kabisa."

"Babu zetu waliwasumbua sana ninyi."

"Na babu zetu wakawasumbua ninyi, mama, tusidanganyane."

Bibi Mariana akacheka. Lidwina alisimama na kijiko cha majani ya chai mkononi. Hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mama yake alipofika.

"Mbona chakula kinapoa?" Zulfa akauliza. "Mama, njaa yangu ni ya tangu sokoni. Niruhusu nimege hapa na wewe."

"Usiguse!"

Sauti ilikuwa kali hivi kwamba hata mimi, upande wa pili wa ua, niligeuka.

"Usiguse, mwanangu. Una watoto wewe? Basi kaa kule. Hicho ni chombo changu mimi peke yangu. Nimetengewa."

"Nani kakutenga, mama?"

"Sijui wameambiwa nini. Daktari aliwaita pembeni, wakanong'ona. Kufika nyumbani nikanunuliwa sahani yangu, yenye rangi yake ili isichanganyike na za watu. Inaoshwa peke yake kwa maji ya moto. Ninakula nimefungiwa, hakuna anayekaa nami. Mimi si mtoto. Kwetu aliyetengewa chombo alikuwa na ukoma, au ametajwa kwamba anakula watu. Sijui mimi ni lipi kati ya hayo. Siulizi, nisimtie mwanangu aibu. Ila kama wananingoja nife, kwa nini niwamalizie unga?"

Lidwina alikuwa ameshafika mlangoni na birika. Nani angemlaumu kwa kusema hakujua? Lakini alijua. Alikulia katika nyumba ile ile. Alikula kwenye ungo mmoja na mama yake, shangazi zake na dada zake, mkubwa akimega kwanza na wengine wakisubiri. Alijua maana ya chombo cha pembeni kabla hajajua kusoma. Sauti moja ya redioni ilimfutia yote hayo, na yeye ndiye bora wa watu wa siku hizi. Hao wengine sina hata la kusema juu yao.

"Mama," alisema, "huna ugonjwa wowote. Daktari amesema mwili wako ni mzima."

"Ndivyo mnavyosema."

"Haki ya Mungu, mama. Sahani nilikununulia kwa heshima."

"Ahsante, mwanangu," alisema Bibi Mariana kwa upole ule ule wa kila siku, akaelekeza uso ukutani.

Maneno yalikuwa yamekwisha kazi.

Lidwina akarudi jikoni. Aliinjika sufuria kubwa, ile ya wageni. Aliwaosha usipa, akawakaanga na vitunguu na nyanya mpaka wakakauka kidogo pembeni. Alisonga ugali mkubwa kuliko aliousonga tangu Krismasi, na mwiko ulimponyoka mara kwa mara. Ikiwa hatakula na hapa? Ikiwa ataona ni maigizo? Aliisukuma meza ya kioo ukutani, akatandika mkeka katikati ya sebule, akautua ugali kwenye ungo, na mbele yake bakuli moja la usipa na moja la mboga.

Dorine akaingia kutoka kazini, simu mkononi.

"Mama, kuna msiba?"

"Nawa, ukae."

"Nichotee kwenye sahani yangu, nitakula chumbani. Kuna kitu nafuatilia."

"Dorine. Nawa mikono ukae."

Binti hakuwahi kusikia sauti ile. Akanawa.

Zulfa alimleta bibi akiwa amemwegemea, wakamketisha, miguu ameinyoosha. Bibi Mariana aliutazama ungo. Akatazama kama kuna sahani nyekundu mahali. Akawatazama wote watatu mmoja mmoja, na macho yake yakakaa kwa Dorine, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa mkeka, amekunja vidole vyake vyenye kucha za rangi.

"Mtoto asilazimishwe," alisema bibi. "Ana haki ya kuogopa."

"Kuogopa nini, bibi?"

Bibi Mariana alimega tonge, akalifinyanga taratibu, akalibonyeza shimo kwa kidole gumba, akachota usipa mmoja, akanyoosha mkono. Hakuupeleka mdomoni mwake. Aliupeleka kwa Dorine.

Lidwina anamjua binti yake. Ni mtoto anayefuta kijiko cha mgahawani kwa karatasi kabla hajakitumia. Anayekunywa maji ya chupa hata kwenye harusi. Mkono wa bibi ulikuwa na nyufa, na kucha moja nyeusi ya zamani, nao ulikuwa unangoja hewani. Zulfa alitazama dari. Gesi iliyosahaulika jikoni ilisikika ikivuma.

Dorine alitazama tonge, akamtazama mama yake, akaona kitu usoni mwake ambacho nadhani hakukielewa. Akainama, akalipokea kwa mdomo kama mtoto mdogo, akatafuna.

"Bibi, halina chumvi," alisema na mdomo umejaa. "Mama anabana mpaka chumvi!"

Zulfa akapasuka kwa kicheko. "Alhamdulillahi, ushahidi wa ndani ya nyumba! Sokoni nikisema hawaniamini."

"Huyu alianza kubana tangu tumboni," alisema Bibi Mariana. "Alikataa kutoka siku mbili nzima."

Kisha akalivuta bakuli la usipa likawa mbele ya magoti yake. Hakuomba ruhusa. Akaanza kugawa, kama mwanamke mkubwa wa nyumba anavyogawa, na kama ambavyo hakuna aliyemwachia agawe tangu alipofika mjini. Wanono akampa mgeni. "Chukua wewe, Myao, usiende kututangaza." Dorine akapata wake. Lidwina akapata wawili juu ya kona yake ya ugali. Waliovunjikavunjika akajiwekea yeye mwenyewe, akamega, akachovya, akala.

Lidwina hakula. Macho yake yalifuata mkono wa mama yake, kutoka kwenye ungo hadi mdomoni, kutoka mdomoni hadi kwenye ungo. Tonge la kwanza. La pili. Aliogopa kusogea, asije akauvuruga mkono ule ukasimama. La tatu. La nne lilikuwa kubwa kuliko yote.

"Unahesabu nini?" alisema Bibi Mariana bila kuinua uso. "Kula wewe. Umekonda, watu watadhani ni wewe uliyeanguka kisimani."