Cruise ya wapenzi Caribbean: nilienda peke yangu, mke akabaki Mwatate na ndovu

Wakuu, heshima zenu. Hii sijatia chumvi hata punje. Mwenye shaka, passport ninayo na mihuri imo.

Shemeji yangu aliwahi kuniambia mbele ya watu hapa Mwatate: "Wewe Mwakio, boti utaiona kwenye kalenda." Mwingine akaongeza kuwa diploma yangu ya umeme mwisho wake ni kubadilisha balbu za kanisa.

Sawa. Nikaenda Gulf. Miaka tisa nafunga wiring kwenye yacht za matajiri. Nilirudi mwaka jana, na nyumba ya mawe mnayoiona mkielekea Ronge ni yangu. Yote kwa mikono hii.

Nikataka kumfurahisha mke wangu, Wakesho. Mteja wangu wa zamani ana catamaran huko Caribbean, boti ya tanga yenye vyumba vinne, wanapanda couples tu. Siku kumi, kutoka Grenada kupanda kaskazini kisiwa kwa kisiwa hadi St Vincent. Akanipa bei ya rafiki, nikabook February.

Nilitangaza mtaa mzima kabla sijamwambia mwenyewe.

"February?" Wakesho akaniuliza. "Baba Mghoi, mahindi yamekauka shambani. Ndovu wako hapo tu kwenye shamba la mkonge."

"Nitaandika mtu alinde."

"Utaandika nani? Kila mtu analinda lake."

Kwa wasiojua kwetu: mahindi yakikomaa ndovu hutoka mbugani, na usiku mmoja unatosha kumaliza shamba la msimu mzima. Watu wanakesha, wanapiga madebe. Mimi nilikuwa nimeisahau kabisa kalenda ya shamba. Ya watalii ndiyo nilikuwa nayo kichwani.

Ningeahirisha. Lakini nilikuwa nimeshatangaza, wakuu. Nikaenda.

Botini tulikuwa couples tatu na mimi. Nahodha alikuwa mama wa Grenada. Akaniuliza mke wangu yuko wapi, nikamwambia atatukuta kisiwa kinachofuata. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Uongo huo niliubeba visiwa vitatu. Cha nne hakuuliza tena, aliondoa tu sahani ya pili mbele yangu.

Maji ya huko unaona mpaka nanga ilipolala. Wenzangu wakishuka kuogelea wawili wawili, mimi nakagua betri za boti. Hata taa ya juu ya mlingoti niliitengeneza, bure.

Picha nilituma kila siku. Wakesho alijibu neno moja: "Sawa."

Siku ya sita ikaingia voice note ya Wakesho. Huko ilikuwa saa tisa mchana, kwetu saa nne usiku. Nadhani aliibonyeza bila kujua. Nikasikia madebe, watu wanapiga mayowe, halafu kimya, halafu vicheko. Jirani yetu Mzee Mwandoe akasema, "Mama Mghoi, kwani yule bwana alirudi ama?"

Wakesho akajibu, "Hajarudi huyo. Alishuka tu kubadilisha begi."

Wakacheka wote. Na yeye akacheka.

Niliirudia sana, nimekaa mbele ya boti miguu ikining'inia. Utani haukuniuma. Kilichoniuma ni kicheko. Tangu nije nyumbani, hajawahi kucheka hivyo na mimi.

Kisiwa kilichofuata nikashuka na mizigo yangu.

Kufika nyumbani, Wakesho akaniambia, "Karibu. Umeshakula?" Vile unavyomkaribisha mgeni.

Robo ya shamba ilikuwa imekanyagwa. Iliyobaki waliiokoa majirani watatu. Ndipo nikajua kuwa miaka yote tisa hao watu wamekuwa wakimkopesha mke wangu usiku wao. Nikamuuliza ni nani na nani. Akanitajia, kisha akasema, "Na usiwapelekee pesa."

Ananijua.

Nikaenda kukesha. Nilianza kwa Mzee Mwandoe mpaka akavuna, halafu kwa fundi mmoja wa Bumala, kule Busia, anayefanya kazi kwa mkonge, halafu kwa Mama Saru. Mzee alinichokoza: "Fundi wa yacht, piga kwa nguvu. Debe hilo halina switch."

Asubuhi Mama Saru alipobeba gunia lake la mwisho, akaniambia, "Sasa hatudaiani." Wakesho alikuwa amekuja na thermos. Akakaa kando yangu kwenye mabua.

"Haya, niambie sasa. Huko kulikuwaje?"

Nikafungua simu nimwonyeshe. Picha zaidi ya mia, na kila moja ni uso wangu tu na maji nyuma. Alizipitia zote. Kisha akanimiminia chai.

Ninyi mlio nje, kabla hamjapanga surprise yoyote, ulizeni kwanza nani amekuwa akikesha na wake zenu, na mnadaiwa nini hapo.

Nani mwingine alirudi akakuta kwake kuna zamu asizozijua? Mwageni hapa. Na mnaotaka kunicheka, chekeni tu.