Komeo la Nyumba ya Upendo

Sikumpenda Mama Pelagia, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu tu amezikwa. Juzi msibani kwake, mtaa wa Isevya, watu walimsifu mpaka nikaona haya kwa niaba yao, maana ni haohao waliokuwa wakimwita mchawi. Nilikaa mkekani, nikanywa uji wangu. Mama yangu hajui kusoma, ndiyo maana naweza kuyaandika haya.

Mwaka 1957 Mama Pelagia alikuwa mlezi wetu katika Nyumba ya Upendo, nje kidogo ya mji wa Tabora. Tulikuwa wasichana ishirini na wawili. Kanisa lilitukusanya tuishi pamoja mwaka mmoja, tujifunze Biblia, kushona na kufundisha watoto shule ya Jumapili. Yeye alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye funguo kiunoni na ulimi wa pilipili. Ukimwamkia shikamoo, alikukagua kucha kwanza ndipo akakuitikia marahaba.

Mafua makali ya mwaka ule yalitufikia kwa treni kutoka pwani. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali ya Kitete, alimwambia Mama Pelagia kwamba wodi zimejaa, wagonjwa wanalala chini, na ugonjwa unapita kwa pumzi na mate. Siku hiyohiyo alifunga lango kwa komeo, akatupa amri. Tulale mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Madirisha yawe wazi, kuwe na baridi kusiwe na baridi. Kila mtu awe na kikombe chake, kimefungwa uzi wa rangi yake. Na kila mtu ale peke yake, kwenye sahani yake, kiambazani.

Hilo la mwisho lilituchoma. Kwetu mtu anayekula peke yake ni mchoyo au mchawi, na sisi tangu tuache ziwa la mama tulikula bakuli moja. Nikamwambia mbele ya wenzangu, "Mama, sisi si mbwa wa kutengewa."

"Mbwa angekwisha elewa," akanijibu.

Alikuwa na sababu zake, na tulizijua. Alikuwa na miaka saba vita ya Wajerumani ilipokwisha, wapagazi wakirudi makwao kwa njia ya zamani ya misafara huku wanakohoa. Mama yake aliwapa maji kwa kata, kisha watoto wakanywea kata ileile. Katika nyumba ya watu tisa alibaki yeye. Habari hiyo haikunilainisha hata kidogo.

Kisa chenyewe ni mdogo wangu, Nyamizi, niliyekuwa naye humo. Mama yetu alizaa sita, tukabaki wawili, na Nyamizi alikuwa na kifua kibovu. Akikimbia kidogo tu, pumzi zilimlilia kifuani. Mama, kule kwetu Puge, aliposikia habari za mafua alipanda lori la pamba, akaja kumchukua. Alisimama nje ya lango na kikapu cha michembe, vile viazi vya kukausha, kichwani. Mama Pelagia hakufungua.

"Humu hakuna anayekohoa," alisema. "Kwenye lori mlikuwa wangapi, na waliokohoa wangapi?"

"Nimemzaa mimi."

"Basi mwache aishi."

Mama aliweka kikapu chini akaondoka bila kuaga, naye si mtu wa kuondoka bila kuaga. Nyamizi alilia mpaka akabanwa kifua. Ile michembe iliachwa juani siku mbili ndipo tukaruhusiwa kuigusa. Nilimchukia yule mwanamke. Nilimwombea mabaya katika sala za asubuhi, tena kwa jina.

Wiki tano zikapita. Huko nje watu walizikwa, na ndani hakuna hata mmoja aliyeugua, lakini hilo hatukulihesabu. Tulichohesabu ni Jumapili tulizokosa Meza ya Bwana. Nikamwandikia barua Mchungaji Eustace kwamba mlezi anatunyima sakramenti, nikaipitisha chini ya lango kwa muuza maziwa.

Jumapili iliyofuata akaja, kikombe chake cha fedha kikiwa kimefungwa kitambaa cheupe. Wasichana wakapiga vigelegele. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mmoja akasema. Mama Pelagia alisimama langoni, mkono juu ya komeo.

"Baba Mchungaji, mkate sawa. Kikombe kisubiri."

"Unamfungia Bwana nje, mama?"

"Nafungia kikohozi. Nimekusikia tangu barabarani."

"Ni vumbi hilo."

Maisha yake yote alikuwa akiwapigia magoti wachungaji. Siku ile hakupiga, wala hakufungua. Nikampiga kikumbo, nikavuta komeo mwenyewe.

Tukapanga mstari. Kikombe kimoja, midomo ishirini na miwili, kitambaa kimoja cha kufutia. Nyamizi alikunywa baada yangu. Mama Pelagia alikaa kwenye kizingiti cha jikoni amejifunika uso kwa khanga, nasi tukanong'onezana kwamba shetani amemkataza kunywa.

Siku ya tatu walilala wagonjwa tisa, ya tano wakafika kumi na sita. Aliwauguza wote, kila mmoja akimnywesha kwa kikombe chake chenye uzi. Kumi na watano walipona. Nyamizi alikata roho Jumamosi asubuhi, kichwa chake kifuani mwa Mama Pelagia, si changu.

Mama alikuja na ndugu zake. Safari hii alikuta lango wazi. Hakulia. Alimwendea Mama Pelagia moja kwa moja.

"Mimi ulinifungia," alisema. "Nani ulimfungulia?"

Mchungaji alikuwepo, anatazama viatu vyake. Nami nilikuwepo, nimeshika nguo za marehemu. Mama Pelagia alipiga magoti.

"Nimefungua mimi."

Mama alimtemea mate usoni. Mwezi huohuo kanisa likamwondoa. Akahamia Isevya, akauza vitumbua ambavyo wengi waliogopa kuvinunua, kwa sababu hata huko aliendelea kula peke yake kwenye sahani yake.

Nilimwendea mara moja, mwaka jana. Nilitaka anitukane, anipunguzie mzigo. Alinikagua kucha, akanipa kigoda.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nikamuuliza.

"Mama yako alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja," alisema, akageuza vitumbua vyake.

Ndiyo maana sikumpenda. Mtu akikubebea jambo zito namna hiyo, utamtazamaje usoni? Sikurudi tena kwake mpaka nilipoitwa msibani.

Jana nilifika Puge. Nikamkuta mama anaanika michembe, nikampa habari kwamba Mama Pelagia amekufa. Alitema mate chini.

"Ulimlilia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema, akasogea kunipisha nikae karibu naye.